Nazi nimeacha, mbona kolesteroli haishuki?

Maswali ya wasomaji hujibiwa na mtaalamu wa maabara mstaafu, mkaazi wa Lamu. Barua zimefupishwa.

SWALI

Assalaam aleikum Bi. Mimi ni fundi wa mashua hapa Matondoni, umri miaka 44. Si mnene, sigara sivuti, na tezo hunitoa jasho tangu asubuhi. Mwaka jana nilipimwa damu nikaambiwa LDL, ile kolesteroli mbaya, ni 6.5 (mmol/L). Nikaacha nazi na samli. Mke wangu sasa anapika wali wa chumvi na samaki wa kuchoma, watoto wananuna. Majuzi nimepima tena: jumla 8.0, HDL, ile nzuri, 1.3, trigliseridi, yaani mafuta mengine ya damu, 1.2, LDL 6.1. Daktari ameniandikia atorvastatini, lakini barazani naambiwa dawa hizo huyeyusha mafuta mpaka zikala nyama ya mtu, tena ukianza huachi. Kaka yangu alifariki ghafla akiwa na miaka 46, alianguka akienda sala ya alfajiri. Ami yangu, ambaye ndiye baba wa mke wangu, naye alifia chomboni kabla hajafika 50. Nauliza: ikiwa mafuta sili, hii kolesteroli inatoka wapi?
Fundi, Matondoni

JAWABU

Waalaikumu salaam, fundi. Umeuliza habari ya chakula, lakini jambo zito umelitia mkiani mwa barua, kwa kaka yako na ami yako. Tutafika huko.

Kolesteroli hiyo unaitengeneza mwenyewe. Mwili wa mtu mzima hutengeneza karibu gramu moja kwa siku, na ini lina sehemu kubwa katika kazi hiyo. Hata ungekula mkate mkavu na maji ingeendelea kutengenezwa, maana bila kolesteroli hakuna utando wa seli, hakuna nyongo, hakuna homoni za kiume wala za kike. Nazi nayo mmeisingizia. Kolesteroli ni kitu cha wanyama. Katika tui haimo. Ubaya wa nazi ni kwamba zaidi ya 80% ya mafuta yake ni ya jamii ile inayoganda, na mafuta hayo yakizidi, ini hupunguza vipokezi vyake vya kuokotea LDL kwenye damu. Kwa hiyo kuiacha kumekufaa, na ile 0.4 uliyoshuka ni haki yako. Ila shida yako kubwa haikuwa chunguni.

Wala damu haitazamwi kwa macho. Nilipokuwa kazini walikuja wengi kupimwa huku wameshiba mahamri na mbaazi za nazi. Damu ikishazungushwa mashineni, majimaji ya juu hutoka meupe kama tui, na mwenye damu akiyaona anatetemeka. Weupe ule ni trigliseridi za staftahi yake. Damu yenye LDL ya 6.1 na trigliseridi ya 1.2 kama yako hutoka ya manjano, safi, hata mtu akaipenda. Hiyo ndiyo inayonitia hofu mimi.

Sasa nikueleze seli inavyojipima, kwa sababu ukilielewa hili, maneno ya barazani utayasikiliza kwa sikio jingine.

Ndani ya seli kuna utando uliokunjamana uitwao retikulamu ya endoplazimu. Kolesteroli nyingi ya seli haikai pale, iko kwenye utando wa nje. Pale ndani ni kidogo mno, na kwa kuwa ni kidogo, ikiongezeka au ikipungua hata kwa kiasi hafifu hujulikana mara moja. Hapo ndipo seli ilipoweka kipimo chake. Kipimo chenyewe ni protini. Ya kwanza inaitwa SREBP-2. Hii ikifika kwenye kiini cha seli huwasha jeni za kutengeneza kolesteroli, na wakati huohuo huwasha jeni ya vipokezi vya LDL. Lakini imepachikwa kwenye ule utando na haina njia ya kuondoka peke yake; lazima ichukuliwe na protini ya pili, SCAP, mpaka sehemu nyingine ya seli iitwayo Golgi. Huko vimeng'enya viwili huikata, na kipande kilichoachiliwa ndicho kinachoingia kiini.

Protini ya tatu ndiyo niipendayo. INSIG. Yenyewe haiwashi jeni, haikati kitu, haibebi kitu. Inakaa ndani ya utando na kazi yake ni kuishika SCAP isiondoke. Kolesteroli ya utando ule ikipita takriban 5% ya mafuta yaliyomo, SCAP hubadilika umbo, INSIG huikamata, SREBP-2 hubaki palepale na kiini hakipati amri. Ikishuka chini ya hapo INSIG huachia, na safari ya Golgi huanza. Hakuna nusunusu. Na INSIG haishii hapo: kolesteroli na jamaa zake zikijaa, huenda kukishika kile kimeng'enya kikuu cha kutengeneza kolesteroli, HMG-CoA reduktasi, kikapelekwa kuvunjwavunjwa. Yaani protini moja inazuia amri mpya isitoke, kisha inaiondoa hata mashine ya amri ya jana.

INSIG-1 ni ndogo, ina asidi amino 277 tu, na ina ndugu yake, INSIG-2, mdogo zaidi. Kazi yake ya kuishika SCAP ilijulikana mwaka 2002 huko Dallas, Marekani, katika maabara ya Michael Brown na Joseph Goldstein. SCAP yenyewe waliipata humohumo mwaka 1996. Mabwana hawa wawili walikwisha kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1985, na kilichowapa tuzo hiyo kinakuhusu wewe, fundi, kuliko hata INSIG.

Walianzia kwa watoto. Kuna watoto wanaozaliwa na kolesteroli ya kutisha, wanapata mshtuko wa moyo wakiwa bado wanasoma shule. Mnamo miaka ya 1970 Brown na Goldstein walichukua seli za ngozi za wagonjwa hao wakazikuza maabara. Seli za mtu mzima wa afya zikipewa LDL huacha kutengeneza kolesteroli: zimekwisha kupata ya bure kutoka nje. Seli za wale wagonjwa zikapewa LDL zikaendelea kutengeneza kana kwamba hazikupewa kitu. Kumbe hazikuwa na vipokezi vya kuiingiza ndani. Damu imejaa, seli ina njaa.

Ugonjwa huo hurithiwa. Mwenye nakala moja mbovu ya jeni ya vipokezi hivyo hubaki na nusu ya vipokezi, na watu wa namna hii si wachache. Ni takriban mtu 1 katika kila 250 hadi 300. Wengi ni wembamba na wachapakazi. LDL inayozidi 4.9 kwa mtu mzima, na kaka aliyeanguka akiwa na miaka 46, na ami aliyefia chomboni: mimi si wa kutoa hukumu ya ugonjwa kwa barua, lakini ningekuwa daktari wako hili ndilo lingekuwa swali langu la kwanza. Mwambie habari za kaka na ami, huenda hakuuliza. Muombe pia apime tezi ya shingo, kwa sababu tezi ikilegea nayo hupandisha LDL. Kisha kaa chini, upapase kano la nyuma ya kisigino na zile za vifundo vya vidole vya mkono. Ukikuta zimekuwa nene au zina vinundu vigumu, muonyeshe.

Turudi kwenye dawa. Atorvastatini haiyeyushi chochote kilichomo kwenye damu. Inakizuia kile kimeng'enya nilichokitaja, ndani ya ini. Seli ya ini ikiona kolesteroli yake imepungua, INSIG inaiachia SCAP, SREBP-2 inakwenda Golgi, kiini kinaamrishwa, na ini linatoa vipokezi vipya ambavyo vinaiokota LDL kwenye damu. Anayefanya kazi ni ini lako mwenyewe. Dawa imelitia njaa tu. Mwenye nusu ya vipokezi, ile nakala nzima iliyobaki hufanyishwa kazi zaidi. Asili ya dawa hizi, ziitwazo statini, ni ukungu. Mjapani Akira Endo alipima zaidi ya aina 6,000 za kuvu mpaka akaipata dawa ya kwanza ya jamii hii katika ukungu wa mchele wa duka la nafaka la Kyoto. Ya kwanza kuruhusiwa Marekani ilikuwa lovastatini, mwaka 1987.

"Ukianza huachi" ni kweli, lakini si kwa maana wanayoisema. Hakuna ulevi ndani yake. Ukiacha, seli inashiba tena, INSIG inafunga, na baada ya wiki chache LDL imerudi pale ilipokuwa. Jeni haikupona. Habari ya misuli nayo ina chembe ya ukweli: wapo wanaoumwa misuli, na kwa nadra sana huharibika. Ukiumwa mapaja au mabega bila sababu, au mkojo ukawa wa rangi ya chai, nenda kliniki siku hiyohiyo. Balungi uliache.

Ndipo tufike kwa mke wako. Mimi mwenyewe nimeolewa na mtoto wa shangazi yangu, kwa hiyo asinisikie mtu kwamba nazitukana ndoa za kwetu. Lakini baba yake ni ami yako, na alikufa vile alivyokufa. Yeye pia apimwe. Wewe ukiwa na nakala mbovu, kila mtoto wenu ana nafasi nusu kwa nusu ya kuichukua. Nyote wawili mkiwa nayo, kila mtoto ana nafasi 1 katika 4 ya kuchukua zote mbili, na hao ndio wale watoto wa Brown na Goldstein. Wapimeni watoto wote, hata wadogo. Ni kipimo cha damu cha kawaida. Mtoto akigunduliwa mapema anatibiwa mapema.

Na wali wa nazi? Ijumaa, tui jepesi, wale watoto wafurahi. Samli ndiyo msiirudie. Mbaazi na kunde zizidisheni, kwa kuwa nyuzinyuzi zake hutoka na nyongo tumboni, na ini hulazimika kutumia kolesteroli kutengeneza nyongo nyingine. Seli inapungukiwa, INSIG inaachia. Ni njia ileile ya dawa, kwa mwendo wa punda.

SWALI

Bi, mimi ni mpishi hapa Shela. Mume wangu amepimwa, kolesteroli imezidi kidogo, na tangu hapo ameharamisha kamba, ngisi na mayai nyumbani. Viazi vya karai na bajia anakula kama kawaida kwa sababu "ni mboga". Nani ana haki?
Mama wa Shela

JAWABU

Wewe, dadangu.

Kamba wana kolesteroli, ni kweli, gramu 100 zao si mbali na yai moja, ambalo lina takriban miligramu 200. Lakini mafuta yanayoganda wanayo kidogo sana. Kolesteroli ya chakula ikiingia, kwa watu wengi seli za ini hupunguza ya kutengeneza zenyewe. Nimemweleza fundi hapo juu kwa kirefu, msomee mumeo. Kolesteroli ya damu hubadilika, lakini si kwa kiasi anachokidhani. Kamba wa kupaka mara moja moja hawamdhuru. Wenye kisukari na wale wa hali ya fundi ndio wawe waangalifu zaidi kwa mayai.

Karai ndiyo yenye kesi. Kwanza ni mafuta gani? Ya mawese, karibu nusu yake ni ya kuganda. Yale mazito meupe ya kopo ni mabaya zaidi. Kisha yamekaangiwa asubuhi, yakapashwa tena jioni, yamekuwa meusi. Kiazi ni mboga kabla hakijaingia humo. Kama lazima ale, mkaangie wewe nyumbani kwa mafuta ya alizeti, uyamwage. Atalalamika bei. Muonyeshe bei ya kamba aliowakataa.

SWALI

Shikamoo bibi. Nasomea uuguzi hapa Malindi. Nyanya yangu alikuwa anatumia simvastatini miligramu 20, LDL ikashuka vizuri lakini haikufika walipotaka. Kliniki wakamuongezea hadi 40. Nilitarajia ingeshuka maradufu, ikashuka kidogo tu. Mwalimu wetu alitaja protini inaitwa PCSK9 kisha kengele ikalia. Je, ndiyo sababu? Nyanya ana presha pia, anatumia amlodipini. Siku hizi analalamika mapaja yanamuuma akipanda ngazi.
Mwanafunzi, Malindi

JAWABU

Marahaba mjukuu wangu. Sentensi yako ya mwisho ina haraka kuliko swali lako, lakini nitakujibu yote mawili.

Ndiyo, PCSK9 imo. Kipokezi cha LDL si cha kutumika mara moja. Hushika chembe ya LDL, huzama nayo ndani ya seli, huiacha, kisha hurudi juu kuchukua nyingine. Mzunguko mmoja ni kama dakika 10, na kipokezi huishi takriban saa 20. PCSK9 hutolewa na ini, ikajishikiza kwenye kipokezi, na kipokezi kilichoshikwa hakirudi tena. Kikizama kinapelekwa kusagwa.

Sasa angalia ukorofi wa mwili. Nani anaiwasha jeni ya PCSK9? SREBP-2 huyohuyo anayewasha jeni ya kipokezi. Dawa inalitia ini njaa, INSIG inaachia, SREBP-2 anafika kiini, vipokezi vinaongezeka, na mvunjaji wake anaongezeka pamoja navyo. Ndiyo maana wataalamu wana kanuni ya 6%: kila ukizidisha dozi mara mbili, LDL hushuka kwa takriban asilimia 6 zaidi, basi. Kazi kubwa ilifanywa na dozi ya kwanza.

Historia yake ni tamu, na kwa mara moja sisi watu weusi tumo ndani yake kwa heri. Mwaka 2003 watafiti wa Paris, pamoja na Nabil Seidah wa Montreal, waligundua kwamba familia fulani za Ufaransa zenye kolesteroli ya kurithi zilikuwa na jeni ya PCSK9 inayofanya kazi kupita kiasi. Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas wakageuza swali: je, wapo watu ambao kwao haifanyi kazi? Mwaka 2005 wakawapata, na walikuwa Wamarekani weusi, karibu 2% ya waliopimwa. Mwaka uliofuata ikatoka hesabu ya miaka 15 ya kuwafuatilia watu: weusi wenye nakala moja isiyofanya kazi walikuwa na LDL ya chini kwa 28%, na hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa chini kwa 88%. Sikiliza tofauti ya namba hizo mbili. LDL iliyokuwa chini tangu tumboni mwa mama inalinda kuliko iliyoshushwa uzeeni.

Badiliko mojawapo lilionekana pia kwa wanawake wa Zimbabwe waliokuja kliniki ya wajawazito. Mmoja wao, binti wa miaka 21, alikuwa na nakala zote mbili hazifanyi kazi, LDL yake chini ya 0.5. Mzima wa afya, mjamzito kama wenzake. Aliyedhani kwamba LDL ikishuka sana mtu ataharibika, huyo ndiye jibu lake.

Kutoka hapo zikatengenezwa sindano za kuizuia PCSK9, evolokumabu na alirokumabu, zilizoruhusiwa mwaka 2015. Baadaye ikaja inklisirani, ambayo hulizuia ini lisiitengeneze kwa wingi, na baada ya dozi za mwanzo huchomwa mara moja kila miezi 6. Zote ni ghali, na sidhani nyanya yako amefika huko. Kuna kidonge cha ezetimibi ambacho huzuia kolesteroli isinyonywe utumboni. Kukiongeza juu ya dozi ndogo ya statini hushusha LDL zaidi kuliko kuizidisha statini yenyewe, na bei yake inasemeka.

Sasa mapaja. Amlodipini huifanya simvastatini ikae kwa wingi zaidi kwenye damu, na anayetumia dawa hizo mbili pamoja hatakiwi kuzidisha miligramu 20 za simvastatini. Nyanya amepewa 40. Simlaumu aliyeandika, pengine amlodipini ilitoka kliniki nyingine na hakuonyeshwa. Usimpunguzie wewe kwa mkono wako, na ile ya presha asiikose hata siku moja. Mpeleke kesho asubuhi, ubebe pakiti zote mbili, na uwaambie wampime figo na CK, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu misuli ikiumia. Waulize kama anaweza kubadilishiwa simvastatini akapewa statini isiyogombana na amlodipini, kama rosuvastatini. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, usingoje kesho.